Mpangaji katoka, deni limebaki: namna ya kulidai mpaka lilipwe

Tanzania kodi ya nyumba hulipwa mbele: miezi mitatu, sita, au mwaka mzima. Ndiyo maana deni la pango halianzi siku mpangaji anahamia. Linaanza muda uliolipiwa ukiisha naye akaendelea kukaa. "Mama, nivumilie hadi mwisho wa mwezi." Mwezi unazaa mwezi, mpaka siku anaondolewa, godoro na friji vinapakiwa kwenye kirikuu, na mwenye nyumba anabaki na ufunguo na hasara. Wengi huishia hapo. Wanasema Mungu atalipa, wanatafuta dalali alete mtu mwingine.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba wa kawaida, mwenye vyumba viwili vitatu au nyumba ya urithi anayoitegemea kusomesha watoto, ambaye mpangaji wake ameshatoka na deni. Unahusu Tanzania Bara, maana Zanzibar ina mahakama na sheria zake.

Nataka ushike jambo moja tangu mwanzo: kushinda kesi ni kitu kimoja, na kulipwa ni kingine. Nimeona watu wana hukumu nzuri kabatini, yenye mhuri wa mahakama, na shilingi hawajaiona. Kila hatua hapa chini inalenga kulipwa. Ukiona hatua haikusogezi kwenye pesa, iache.

1. Jiulize kwanza alitokaje

Kama aliondolewa kwa amri ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au ya mahakama, chukua nakala ya hukumu na ya tuzo (karatasi inayotaja kile ulichopewa na hukumu hiyo), uzisome neno kwa neno. Huenda deni la kodi limeshaamuliwa humo humo. Ikiwa hivyo, huna haja ya kesi mpya, nenda moja kwa moja hatua ya 8. Kama ulidai aondoke tu na hukugusa kodi, muone mwanasheria kabla ya kufungua lolote, kwa sababu kanuni za mwenendo wa madai hazipendi mtu agawe dai moja vipande vipande na kumrudisha mwenzake mahakamani kila mara. Unaweza kukuta mlango umefungwa.

Kama alitoka mwenyewe baada ya notisi, au mlikubaliana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, uko pazuri.

Lakini kama ulibadilisha kitasa akiwa kazini, uling'oa mlango au uliezua bati ili mvua imfukuze, hapo una tatizo, na ni vizuri ulijue sasa kuliko kulisikia mbele ya hakimu. Ukimshtaki, naye ataleta madai kinzani: vitu vilivyopotea, vilivyoloa, usumbufu wa familia. Deni lako linaweza kumezwa na fidia yake. Katika hali hiyo mapatano ya nje, hata kwa kupunguza nusu, mara nyingi ndiyo njia ya busara.

Na kama ameacha vitu ndani, usiviuze. Kabati lake halijawa lako kwa sababu unamdai kodi. Mwite mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa pamoja na jirani mmoja, orodhesheni kila kitu, pigeni picha, wote watie saini, kisha viweke pakavu. Mtumie mpangaji ujumbe wa kumtaka aje kuvichukua, utaje tarehe. Siku atakayovifuata ndiyo siku nzuri ya kuzungumza deni ana kwa ana.

2. Piga hesabu ambayo hata yeye hawezi kuipinga

Hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Mwenye nyumba ana hasira, anaandika "namdai kama milioni mbili hivi", anaongeza rangi, anaongeza usumbufu. Ukitaja kiasi usichoweza kukieleza, hata kile cha kweli kinatiliwa shaka.

Chukua mfano wa nyumba Tabata, kodi 300,000 kwa mwezi. Mpangaji alilipa miezi sita, Januari hadi Juni. Aliendelea kukaa mpaka Novemba 20. Julai hadi Oktoba ni miezi minne, yaani 1,200,000. Siku 20 za Novemba ni 300,000 gawanya kwa 30, mara 20, unapata 200,000. Jumla 1,400,000. Septemba alituma 400,000 kwa simu, kwa hiyo kodi inayobaki ni 1,000,000. Ongeza bili ya maji ya DAWASA iliyoachwa, 45,000, na mlango wa chumba uliovunjwa, ambao fundi seremala ameandika kwenye karatasi yake kuwa ni 120,000. Sasa toa amana ya mwezi mmoja aliyoiweka wakati anaingia, 300,000. Deni ni 865,000.

Usiisahau hiyo amana. Wenye nyumba wengi hujifanya haipo, na ndicho kitu cha kwanza mpangaji atakachokitaja mbele ya hakimu.

Uchakavu wa kawaida usiudai. Rangi iliyofifia baada ya miaka mitatu na kapeti lililokwaruzika ni gharama za kufanya biashara ya kupangisha. Dai kilichovunjwa, na uwe na risiti au makadirio ya fundi pamoja na picha. Miezi ambayo nyumba ilikaa tupu baada ya yeye kutoka nayo usiidai, isipokuwa mkataba ulimtaka atoe notisi na hakutoa.

Aliyepangisha fremu ya biashara ana jambo moja la ziada. Kampuni inayolipa kodi ya pango hutakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Kama ilikata na ikakupa cheti chake, hiyo asilimia 10 imeshalipwa kwa niaba yako, huwezi kuidai tena. Kama ilikata na cheti hukupewa, kidai.

3. Kusanya karatasi, na uanze na stempu

Mkataba ndio mama. Angalia nani ametia saini, kwa sababu huyo ndiye utakayemdai. Kama mume alisaini na mke ndiye aliyebaki ndani miezi ya mwisho, deni la mkataba ni la aliyesaini. Kama kulikuwa na mdhamini, naye andika jina lake pembeni, utamhitaji.

Halafu angalia kama mkataba ulilipiwa ushuru wa stempu. Mkataba wa pango usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa kama ushahidi mahakamani mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Ushuru wenyewe ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, hauumizi. Nenda TRA ukaulipie kabla ya kufungua kesi, ili upande wa pili usipate pa kushikilia.

Hamkuandikiana? Usikate tamaa. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano. Utahitaji kuonyesha kwamba mtu huyu alikaa kwako na alikuwa akilipa kiasi fulani: miamala ya M-Pesa, Airtel Money au Mixx yenye kiasi kilekile kila baada ya muda uleule, dalali aliyemleta, majirani, balozi wa nyumba kumi. Unaweza kuomba kampuni ya simu taarifa ya miamala ya laini yako kwa kipindi chote cha upangaji. Karatasi hiyo huongea kuliko mashahidi watatu.

Meseji za "nivumilie" ni dhahabu. Mtu anayeandika "najua unanidai, samahani, nitalipa tarehe 5" amekiri deni kwa mkono wake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ushahidi wa aina hii. Usiishie kupiga picha ya kioo. Itunze simu yenyewe, usifute mazungumzo, chapa kurasa zote zinazofuatana, na zionekane namba na tarehe. Meseji iliyokatwa katikati humfanya hakimu ajiulize umeficha nini.

Kukiri deni kwa maandishi kuna faida nyingine. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na mdaiwa akikiri kwa maandishi yenye saini yake kabla ya muda huo kuisha, hesabu ya muda huanza upya. Hata hivyo usikae ukisubiri. Mpangaji aliyetoka mwezi uliopita bado ana namba ileile ya simu na kazi ileile. Wa miaka minne huenda humjui tena hata kwa sura.

4. Jua yuko wapi na ana nini

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Kabla hujatumia shilingi moja ya nauli kwenda mahakamani, uweze kujibu maswali mawili: wito utampelekea wapi, na ukishinda utalipwa kutoka wapi?

Anza na ulichonacho. Kwenye mkataba huenda kuna namba ya NIDA, mahali pa kazi, namba ya ndugu wa karibu. Dereva wa kirikuu aliyemhamisha mara nyingi ni wa kijiweni palepale mtaani, na anakumbuka alishusha vitu wapi. Mwenyekiti wa mtaa aliohamia anaweza kukuthibitishia kuwa anaishi pale. Kama alikuwa na biashara, tafuta jina lake kwenye usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na kampuni, uone kama mdaiwa wako ni mtu au ni kampuni. Kosa la kumshtaki mtu kwa deni la kampuni limewapotezea watu miezi.

Halafu andika anachomiliki unachokijua kwa hakika: bodaboda au bajaji yenye namba za usajili, duka lenye bidhaa, mshahara kwa mwajiri fulani, kiwanja, runinga kubwa. Uwe mkweli. Kama orodha inabaki tupu, mtu hana kazi, hana chombo, amerudi kwa wazazi wake Singida na mkoba mmoja, kesi itakula pesa zako na muda wako. Mtu wa namna hiyo anafaa makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, yenye saini, ambayo utayatumia akija kuinuka ndani ya ile miaka 6.

Usimtafute kwa kumtangaza. Kuweka picha yake na kitambulisho chake kwenye magrupu ya WhatsApp au Instagram na maneno "tapeli huyu" kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa, maana kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na polisi si wakusanya madeni. Deni la kodi ni jambo la madai. Ukimpa askari "kitu kidogo" amtishe mtu, umeanza kesi nyingine, na safari hii wewe ndiye mwenye makosa.

5. Zungumza naye, kisha andika barua

Simu ya kwanza iwe ya adabu. Umekaa na mtu huyu ua mmoja, watoto wenu walicheza pamoja, na heshima hiyo bado ina kazi ya kufanya. Mfano:

"Baba Junior, habari za siku? Watoto hawajambo? Mimi sijapiga kugombana. Nimekaa nikapiga hesabu yetu yote, na ile amana yako nimeitoa. Imebaki laki nane na sitini na tano. Nakutumia sasa hivi uiangalie. Unaona utaanza na ngapi, na lini?"

Mwisho wake haumuulizi kama atalipa. Unamuuliza ataanza na ngapi. Baada ya simu, tuma hesabu yote kwa meseji, mstari kwa mstari. Jibu lolote atakaloandika, hata la kulalamika juu ya mlango, linathibitisha kwamba deni analijua.

Akikaa kimya au akipiga chenga, andika barua ya madai. Iwe fupi, bila matusi wala vitisho:

"Ndugu (majina matatu). YAH: MADAI YA KODI YA PANGO SH. 865,000. Ulikuwa mpangaji wangu katika nyumba iliyopo (mtaa, kata, wilaya) kuanzia (tarehe) hadi (tarehe), kwa kodi ya sh. 300,000 kwa mwezi. Hadi unaondoka ulikuwa unadaiwa kodi ya Julai hadi Novemba 20, bili ya maji na gharama ya mlango, kama ilivyo kwenye hesabu niliyoambatisha. Amana yako ya sh. 300,000 nimeiondoa. Nakutaka ulipe sh. 865,000 ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, kupitia (namba ya simu au akaunti, na jina). Kama una hoja juu ya hesabu hii, nijibu kwa maandishi ndani ya muda huo. Usipolipa wala kujibu, nitafungua madai mahakamani pamoja na gharama, bila taarifa nyingine. Wako, (jina, saini, tarehe)."

Hizo siku 14 ni muda wa haki tu. Tengeneza nakala mbili. Ipeleke na shahidi, asaini nakala yako kuwa amepokea. Akikataa kusaini, shahidi aandike palepale kuwa amekabidhiwa akakataa, tarehe na saa. Kama yuko mkoani, tuma kwa EMS ya Posta na utunze risiti, halafu mtumie na picha ya barua kwa WhatsApp. Mdhamini apate nakala yake. Wadhamini wengi ni kaka, shemeji au bosi, na barua moja kwao husogeza mambo kuliko simu ishirini kwa mdaiwa.

6. Akitaka kulipa kidogo kidogo, kubali kwa masharti

Mimi napendelea mapatano kuliko kesi, kwa sababu anayelipa kwa hiari yake hulipa mapema. Ila mapatano ya "nitaangalia angalia" hayana maana. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, muandikishane: deni ni kiasi gani na anakiri kudaiwa, atalipa kiasi gani, tarehe zipi, kwa njia gani, na akikosa awamu moja, salio lote linadaiwa mara moja. Wasaini wote wawili, shahidi wa kila upande, mwenyekiti agonge mhuri. Kiasi kiwe anachokiweza. Awamu ya 100,000 anayoilipa kila mwezi ina thamani kuliko ahadi ya 400,000 atakayoikimbia.

Ukiwa tayari kupunguza, punguza mwishoni: "ukimaliza 700,000 kufikia mwezi wa sita, iliyobaki nimekusamehe." Ukipunguza mwanzoni, hiyo iliyopunguzwa itakuwa ndiyo deni jipya la kuanza kubishaniwa.

Mnaweza pia kwenda Baraza la Kata kusuluhishwa. Jua tu kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2021, mabaraza ya kata hayaamui tena migogoro ya ardhi, yanasuluhisha. Hayawezi kumlazimisha alipe.

7. Mahakamani

Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya deni la mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Madeni mengi ya nyumba za kuishi yanaingia humo. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, wakili si lazima, na ada ni ndogo. Ukizidi kiasi hicho, unaanzia Mahakama ya Wilaya, na hapo ningekushauri uwe na wakili.

Swali litakaloibuka ni hili: si mgogoro wa nyumba huu, kwa nini usiende Baraza la Ardhi? Mgogoro wa nani akae kwenye nyumba ni wa vyombo vya ardhi, na huko kabla ya kufika Baraza la Wilaya hutakiwa kwanza upite usuluhishi wa Baraza la Kata, ambao ukishindikana ndani ya siku 30 unaruhusiwa kusonga mbele. Lakini mpangaji wako ameshatoka. Humdai nyumba, unamdai pesa za mkataba. Basi andika hivyo. Madai yako yaseme "deni litokanalo na mkataba wa pango uliokwisha", na usichanganye maombi ya kumzuia asirudi, kutangazwa mmiliki halali, na mengine kama hayo. Pingamizi la mamlaka ndiyo silaha ya kwanza ya mdaiwa mwenye wakili, na maandishi yako ndiyo hupimwa. Muonyeshe karani rasimu kabla ya kulipia, au mpelekee msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua hawa, na ofisi ya halmashauri yako itakuelekeza waliosajiliwa. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao husaidia wasio na uwezo.

Fungua kwenye mahakama ya eneo anakoishi mdaiwa au pale deni lilipotokea, yaani nyumba ilipo. Ningechagua kwake kama si mbali sana, kwa sababu wito utamfikia kwa urahisi na mali yake iko huko. Utaandika majina, anuani, namba ya simu, kiini cha dai, kiasi na mchanganuo, na utaomba pia gharama za kesi. Utapewa kumbukumbu namba ya malipo, utalipa kwa simu au benki, utatunza risiti. Mdhamini kama yupo, muunganishe kama mdaiwa wa pili.

Wito ndio mahali kesi zinapolala. Msindikize mpeleka wito au mpe maelekezo yanayoeleweka: "nyuma ya msikiti, nyumba ya geti la bluu, anatoka kazini saa kumi na moja." Hakikisha uthibitisho wa kupokea umerudi kwenye jalada kabla ya tarehe ya kesi. Akipokea wito asitokee, unaweza kuomba kusikilizwa upande mmoja. Lakini usikilizwe kweli, utoe ushahidi, kwa sababu anaweza kuja baadaye kuomba hukumu hiyo iondolewe akidai hakuwa na taarifa.

Na wewe usikose tarehe hata moja. Mdai asipotokea, kesi hufutwa.

Siku ya ushahidi, simama ueleze kwa mpangilio wa tarehe. Aliingia lini, kwa kodi ngapi, alilipa mpaka lini, aliondoka lini, alipunguza ngapi, nimetoa amana, inabaki hii. Toa mkataba, toa miamala, toa barua na uthibitisho wa kupokelewa. Usieleze kwamba alikuwa mlevi au mkewe alikuwa mgomvi, havikuongezei hata senti. Shahidi mmoja anayejua jambo, kwa mfano jirani aliyeona tarehe ya kuhama, anatosha kuliko ndugu wanne wanaorudia maneno yako. Hakimu akiuliza kama mnaweza kupatana, usikatae kwa hasira. Makubaliano yakisajiliwa mahakamani yanakuwa na nguvu ya hukumu, na akiyavunja unakwenda moja kwa moja kukaza hukumu, yaani kuiomba mahakama imlazimishe alipe.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

8. Kukaza hukumu

Umeshinda. Omba nakala ya hukumu mara moja, umpelekee aliyeshindwa nakala, umpe siku chache alipe. Wapo wanaolipa hapo, kwa kuogopa dalali wa mahakama.

Asipolipa, rudi mahakamani ujaze maombi ya kukaza hukumu, na hapa ndipo ile orodha ya hatua ya 4 inapofanya kazi. Mahakama haitakwenda kumtafutia mali. Wewe ndiye unayesema: bajaji yenye namba hizi, inalala hapa, friji la biashara na jokofu dukani pale, mshahara kwa mwajiri huyu. Mahakama ikiridhika itaelekeza mali ikamatwe na kuuzwa kwa mnada, au alipe kwa awamu. Anayekamata ni dalali wa mahakama aliyeteuliwa, anayefuata kanuni na viwango vya malipo vya 2017. Mwenye kampuni ya kukusanya madeni aliyekupa kadi yake nje ya geti la mahakama hana mamlaka hayo. Uliza kiwango cha dalali kabla, kwa sababu deni la 865,000 halistahimili gharama kubwa za ukamataji.

Kuna vitu haviguswi: nguo za mdaiwa na familia yake, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, zana ambazo fundi anafanyia kazi. Usivitaje kwenye maombi, utaonekana unataka kumdhalilisha mtu. Na hakikisha chombo unachokitaja ni chake. Bodaboda ya mkataba, ambayo bado ni ya tajiri, ikikamatwa mwenyewe atakuja na kadi yake kuweka pingamizi, na umepoteza wiki kadhaa.

Amehamia mkoa mwingine? Omba hukumu ipelekwe kukazwa kwenye mahakama ya huko, badala ya kufungua kesi upya.

Akianza kulipa kwa awamu kupitia mahakama, fuatilia kila tarehe. Awamu iliyokosekana wiki mbili bila wewe kusema neno inakuwa mazoea. Kila malipo yaingie kwenye jalada, hata yale aliyokutumia kwenye simu usiku. Deni likiisha, muandikie risiti ya mwisho yenye jumla yote, uijulishe mahakama kuwa tuzo imelipwa ili jalada lifungwe, na kama uliwahi kushika vitu vyake au kitambulisho chake, mrudishie siku hiyohiyo.